Dola Milioni 77 Alizozipa Kisogo: Uchambuzi wa Mkataba wa Ilya Kovalchuk

Tarehe 11 Julai 2013 klabu ya New Jersey Devils ilitangaza kwamba mshambuliaji wake Ilya Kovalchuk, aliyekuwa na umri wa miaka 30 tu, anastaafu kucheza katika NHL, yaani ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka 12 na dola milioni 77. Hakuwa ameumia kiasi cha kushindwa kucheza, wala kiwango chake hakikuwa kimeporomoka, na siku chache tu baada ya tangazo hilo alimwaga wino katika klabu ya SKA ya St. Petersburg inayoshiriki ligi ya KHL ya Urusi. Kwa hiyo hakutundika viatu vyake vya barafu hata kidogo, alivihamishia nyumbani.

Lawama zilimwangukia yeye. Aliitwa msaliti, akaitwa mtu asiye na shukrani, na wapo waliosema kwamba hivyo ndivyo walivyo wachezaji wa Kirusi, kauli ambayo mimi naiona ni ya dhuluma na ya uvivu wa kufikiri. Nimekirudia kisa hiki mara nyingi, na kila mara hesabu za mkataba wenyewe hunirejesha kwenye jambo moja: karatasi aliyoisaini Kovalchuk ilitungwa na watu waliojua fika kwamba hataimaliza. Alichokifanya ni kuondoka mapema kuliko walivyomtarajia, kabla ya fedha nyingi badala ya baada yake.

Kovalchuk alizaliwa tarehe 15 Aprili 1983 katika mji wa Kalinin, ambao leo unaitwa Tver, kaskazini magharibi mwa Moscow. Alipevuka kimchezo katika klabu ya Spartak Moscow, na mwaka 2001 Atlanta Thrashers walimteua wa kwanza kabisa katika zoezi la kila mwaka ambalo klabu za NHL huchagua vijana kwa zamu. Hakuna Mrusi aliyewahi kuteuliwa wa kwanza kabla yake. Alexander Ovechkin alifuata mwaka 2004. Katika msimu wa 2003–04 alifunga mabao 41 na kuwa kinara wa ufungaji wa ligi pamoja na Jarome Iginla na Rick Nash waliomaliza na idadi hiyo hiyo, kisha akafunga mabao 52 katika msimu wa 2005–06 na mengine 52 katika msimu wa 2007–08. Alivaa jezi namba 17 kwa heshima ya Valery Kharlamov, nyota wa enzi ya Usovieti. Katika timu ya taifa, ambako namba hiyo haipewi mtu tena, aligeuza tarakimu na kuvaa 71.

Anayetaka kuelewa kwa nini klabu zilikuwa tayari kumwaga fedha kwa ajili yake aitazame fainali ya Ubingwa wa Dunia ya mwaka 2008, iliyochezwa mjini Quebec. Kanada, wenyeji, waliongoza 4–2 wakiingia kipindi cha tatu na cha mwisho. Kovalchuk alikuwa amecheza mashindano yote bila kufunga hata bao moja. Warusi wakapata la tatu, kisha yeye akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache. Katika muda wa nyongeza, Rick Nash, yule yule aliyegawana naye ukinara wa mabao miaka minne nyuma, alipiga kisahani, kile kidude cha mpira kinachochezewa hoki, kikaruka juu ya kioo cha uwanja, kosa ambalo humtoa mchezaji nje kwa dakika mbili, na Kanada wakapungukiwa mtu. Kovalchuk alikuwa akishika gongo kwa mkono wa kulia huku akicheza winga ya kushoto, hivyo kifua chake kilikuwa kikitazama goli na kumpa pembe pana ya kupiga. Alipata nafasi, akasogea hatua chache, akapiga, na kisahani kikaingia. Urusi ikatwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1993. Shuti la namna hiyo halifundishiki kwa urahisi, na klabu zilijua hivyo.

Atlanta ilimpa unahodha lakini ikashindwa kukubaliana naye kuhusu mkataba mpya, na tarehe 4 Februari 2010 ikampeleka New Jersey. Msomaji aliyezoea soka aelewe kwamba klabu za NHL haziuziani wachezaji kwa ada ya uhamisho. Hubadilishana watu na haki za kuteua vijana, na ndivyo Atlanta ilivyofanya ili isimpoteze bure. Ilipofika Julai, mkataba wake wa zamani ulikwisha, akawa mchezaji huru aliye ghali kuliko wote sokoni.

Hapa ndipo panapohitaji utulivu, kwa sababu bila kuelewa ukomo wa mishahara huwezi kuelewa chochote kinachofuata. Kila klabu ya NHL imewekewa kiwango cha juu cha jumla ya mishahara kwa msimu, na katika msimu wa 2010–11 kiwango hicho kilikuwa dola milioni 59.4. Ila kinachohesabiwa dhidi ya ukomo huo si fedha halisi anazolipwa mchezaji mwaka huo. Huhesabiwa wastani: jumla ya mkataba mzima hugawanywa kwa idadi ya miaka yake, na kila msimu klabu huandikiwa wastani huo, awe mchezaji amelipwa zaidi au pungufu. Mwanya unaonekana wenyewe. Ukimlipa mchezaji fedha nyingi miaka ya mwanzo, kisha ukaongeza mkiani miaka ya senti chache, wastani unashuka na klabu inabaki na nafasi ya kusajili wengine. Klabu kadhaa zilikwisha kuutumia mwanya huo. Marian Hossa wa Chicago na Roberto Luongo wa Vancouver walikuwa na mikataba ya miaka 12 iliyoidhinishwa, kila mmoja akiwa na mkia wake.

Mkataba aliousaini Kovalchuk tarehe 19 Julai 2010 uliupeleka mwanya huo mwisho wake. Ulikuwa wa miaka 17 na dola milioni 102, na ungekwisha mwaka 2027 akiwa na umri wa miaka 44. Mpangilio wake ulikuwa hivi: dola milioni 6 kwa kila mmoja wa misimu miwili ya kwanza, milioni 11.5 kwa kila mmoja wa misimu mitano iliyofuata, kisha milioni 10.5, milioni 8.5, milioni 6.5 na milioni 3.5 kwa kufuatana, halafu dola 750,000 kwa msimu mmoja na dola 550,000 kwa kila mmoja wa misimu mitano ya mwisho. Jumlisha misimu kumi ya kwanza utapata milioni 95. Misimu saba iliyobaki inakuja milioni 7 pekee. Wastani wa mkataba mzima ni milioni 6 kamili kwa msimu. Ukiikata ile misimu saba ya mkiani, wastani unapanda hadi milioni 9.5. Mkia ule wa miaka saba, kwa hiyo, ulikuwa na kazi moja tu ya kuipatia klabu nafasi ya dola milioni 3.5 kila msimu chini ya ukomo.

Kesho yake, tarehe 20 Julai, Devils walimtambulisha mbele ya waandishi wa habari mjini Newark, makao ya klabu. Meneja mkuu Lou Lamoriello, mtu mwenye sifa ya ukali na nidhamu, aliulizwa kuhusu mikataba ya aina hiyo, na jibu lake lilikuwa la ukweli kupita kiasi: alisema mkataba uko ndani ya kanuni, lakini akakubali kwamba mikataba ya namna hii haipaswi kuwepo. Usiku huo huo ligi iliukataa.

Chama cha wachezaji kilipinga, na mgogoro ukapelekwa kwa mwamuzi huru, Richard Bloch. Tarehe 9 Agosti 2010 Bloch aliipa ligi haki. Hoja yake kuu ilikuwa nyepesi kueleweka: katika miongo miwili iliyotangulia ni mchezaji mmoja tu, Chris Chelios, aliyefikisha miaka 44 akiwa bado anacheza katika ligi hiyo, na ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyezoea kulipwa milioni 11.5 kwa msimu angeendelea kujitesa kwenye barafu kwa dola 550,000. Mkataba, kwa maneno mengine, ulikuwa na miaka ambayo hata walioiandika hawakuitarajia. Hata hivyo Bloch alieleza bayana kwamba uamuzi wake usisomwe kana kwamba klabu au mchezaji walikuwa na nia mbaya.

Pande zote zikarudi mezani, na mwanzoni mwa Septemba ligi ikaidhinisha mkataba mwingine: miaka 15, dola milioni 100, kumalizika mwaka 2025 akiwa na miaka 42. Ukiuweka kando ya ule wa kwanza utashangaa jinsi ulivyobadilika kidogo. Misimu kumi ya kwanza ilibeba milioni 90 badala ya 95. Misimu mitano ya mwisho ilipewa milioni 1, milioni 1, milioni 1, milioni 3 na milioni 4. Wastani ulipanda kutoka milioni 6 hadi takriban milioni 6.67. Badiliko la maana zaidi lilifanyika pembeni, pale ligi na chama cha wachezaji walipokubaliana kwamba katika mikataba mirefu ya baadaye misimu ya baada ya umri wa miaka 40 isitumike tena kushusha wastani. Mwanya ulizibwa, na Kovalchuk akawa mtu wa mwisho kupenya.

Kisha ikaja adhabu ambayo hadi leo naiona ilizidi kosa. Tarehe 13 Septemba 2010 ligi iliitoza klabu faini ya dola milioni 3, ikaipokonya haki ya kuteua kijana katika raundi ya tatu ya mwaka 2011, na ikaiamuru isalimishe uteuzi mmoja wa raundi ya kwanza katika mwaka wowote ndani ya minne iliyofuata. Hii ni baada ya mwamuzi kusema hakuona nia mbaya, na klabu nyingine zilizotumia mbinu ile ile hazikuguswa. Ligi yenyewe ililegeza msimamo mwezi Machi 2014: faini ikapunguzwa kwa nusu, na klabu ikarudishiwa uteuzi wa raundi ya kwanza wa mwaka huo, ingawa kwa nafasi ya 30, ya mwisho katika raundi. Wakati huo mwenye mkataba alikuwa amekwisha kuondoka.

Dimbani mambo yalianza kwa kusuasua. Msimu wa kwanza timu ilianza vibaya mno na kocha John MacLean akafukuzwa Desemba 2010. Msimu wa pili, 2011–12, Kovalchuk alionyesha thamani yake kamili: mabao 37 na pointi 83 (yaani mabao yake pamoja na pasi zilizozaa mabao), akikaa barafuni zaidi ya dakika 24 kwa mechi. Takwimu hiyo ya dakika inastahili kutazamwa kwa makini. Washambuliaji wa hoki hucheza kwa vipande vya chini ya dakika moja kisha hupumzika, na hata nyota wengi hawazidi sana dakika 20. Dakika 24 ni mzigo wa mabeki. Devils walifika fainali ya Kombe la Stanley, taji la NHL, ambayo ni mfululizo wa michezo unaochukuliwa na atakayeshinda minne kwanza, wakafungwa na Los Angeles Kings katika mchezo wa sita, huku Kovalchuk akiongoza timu yake kwa pointi 19 za hatua ya mtoano, akicheza na mgongo ulioumia. Majira hayo hayo nahodha Zach Parise aliondoka kwenda Minnesota, na klabu ikabaki ikimwegemea yeye.

Halafu ligi ikafunga milango. Mgogoro wa wamiliki na wachezaji ulisimamisha msimu wa 2012–13 hadi Januari, na Kovalchuk akaenda kucheza SKA, ambako alipata pointi 42 katika mechi 36. Mkataba mpya wa pamoja uliomaliza mgogoro ulishusha fungu la wachezaji katika mapato ya ligi kutoka asilimia 57 hadi 50, na sehemu ya mishahara ilizuiwa kila msimu ili hesabu isawazishwe mwishoni. Urusi wakati huo ilikuwa na kodi ya mapato ya kiwango kimoja cha asilimia 13, na klabu ya SKA ilikuwa inafadhiliwa na Gazprom, kampuni kubwa ya gesi ya Urusi. Wenzake waliporejea Newark, yeye alibaki kwanza kucheza mechi ya nyota wa KHL. Dalili zilikuwa wazi kwa aliyetaka kuziona.

Katika taarifa yake ya kuaga, Kovalchuk alieleza kwamba alilifikiria jambo hilo tangu kipindi cha kufungwa kwa ligi na mwaka aliokaa Urusi, na kwamba Lamoriello alikuwa anajua hamu yake ya kurudi nyumbani na familia yake. Namsadiki. Fedha zilikuwepo pande zote mbili, na mtu wa miaka 30 mwenye watoto wadogo ana haki ya kuchagua mahali watakapokulia. Tena alifuata njia iliyo halali. Mwaka 2008 Alexander Radulov alikuwa ameikimbia klabu ya Nashville kwenda Ufa nchini Urusi akiwa bado na mkataba na kuzusha ugomvi kati ya pande mbili za dunia ya hoki. Kovalchuk alistaafu rasmi kwa ridhaa ya klabu, na kwa kufanya hivyo akajifungia mlango wa NHL hadi atimize miaka 35, isipokuwa klabu zote zikubali arudi mapema.

Kwa nini klabu iliridhia? Jibu limo katika hesabu. Mkataba wa pamoja wa mwaka 2013 ulileta kanuni ya kuzidai klabu faida zilizozipata kwa mikataba yenye mkia: mchezaji akistaafu kabla ya muda, tofauti kati ya alicholipwa na kilichoandikwa dhidi ya ukomo hugawanywa kwa miaka iliyobaki na kukatwa. Kwa misimu mitatu mkataba wa Kovalchuk ulikuwa na milioni 6, milioni 6 na milioni 11, jumla milioni 23. Kilichoandikwa dhidi ya ukomo kilikuwa milioni 20. Tofauti ya milioni 3, ukiigawanya kwa miaka 12, ni dola 250,000 kwa msimu, kiasi ambacho klabu haikisikii. Sasa chukulia angecheza misimu kumi kama wote walivyotarajia, kisha akaondoka mkia ulipoanza. Angekuwa amelipwa milioni 90 dhidi ya milioni 66.67 zilizoandikwa, na klabu ingebeba zaidi ya milioni 4.6 kila msimu kwa miaka mitano bila mchezaji yeyote barafuni. Kuondoka kwake mapema kuliiokoa klabu na mtego ambao ingejitegea yenyewe. Klabu hiyo ilikuwa na matatizo makubwa ya fedha kiasi cha kuuzwa mwezi uliofuata, Agosti 2013, na kuondokewa na deni la milioni 77 hakukuwa msiba katika vitabu vyake.

Msiba ulikuwa wa mashabiki, nao ni wa kweli. Timu iliyofika fainali mwaka 2012 haikurudi katika hatua ya mtoano hadi mwaka 2018. Siku kumi na moja baada ya tangazo la Kovalchuk, klabu ilimsajili Jaromír Jágr, Mcheki wa miaka 41, ambaye msimu huo huo aliongoza timu kwa pointi 67 na akaendelea kucheza NHL hadi miaka 45. Kwa hiyo jambo ambalo mwamuzi aliona haliaminiki lilitokea kwa mtu mwingine, aliyewahi kuvaa jezi ya klabu ile ile.

Kovalchuk mwenyewe hakwenda St. Petersburg kupumzika. SKA ilitwaa Kombe la Gagarin, taji la KHL, kwa mara ya kwanza mwaka 2015, baada ya kugeuza nusu fainali dhidi ya CSKA Moscow ambayo ilikuwa nyuma kwa michezo mitatu kwa bila, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa mtoano. Ilitwaa tena mwaka 2017. Mwaka 2018 huko Pyeongchang, akiwa na miaka 34 na katika michezo yake ya tano ya Olimpiki, alipata dhahabu na kutangazwa mchezaji bora wa mashindano. Alipotimiza miaka 35 alirudi Marekani na Los Angeles Kings kwa miaka mitatu na dola milioni 18.75, lakini mkataba ukavunjwa Desemba 2019. Montreal ikamchukua kwa dola 700,000, akacheza kwa bidii iliyowapendeza watu wa huko, kisha akapelekwa Washington. Alifunga hesabu yake ya NHL kwa mabao 443 na pointi 876 katika mechi 926, akatwaa Kombe la Gagarin la tatu akiwa na Avangard Omsk mwaka 2021, na mwanzoni mwa mwaka 2024 akavaa tena jezi ya Spartak Moscow, pale alipoanzia.

Muda wote huo jina lake halikufutika New Jersey. Kila msimu, katika hesabu za ukomo wa mishahara za klabu, palikuwa na mstari wa dola 250,000 ulioandikwa Kovalchuk, na ule wa mwisho ulikuwa wa msimu wa 2024–25, msimu ambao mkataba wake wa miaka 15 ungekwisha kama angeumaliza.